Mchezo wa Ekipi na Usingizi wa Dereva

Ndugu mfanyakazi, tangu 2020 mchezo Brawlhalla unachezwa katika telefone: wawili kwa wawili wanapigana mbio sana, wakirukaruka juu ya majukwaa. Hatuukatazi. Unafurahisha, na baba anaweza kuucheza na mtoto wake. Lakini ni mchezo wa ekipi: mwenzako anasema "mara moja tena", nawe unaona haya kumwacha. Saa nane za usiku bado uko macho.

Asubuhi unapanda kamyo. Mtu asiyelala anaona hatari, lakini mguu wake unachelewa kwenye freni. Mchezoni, anayesukumwa nje anarudi na uhai mwingine. Katika karyeri harudi.

Basi mwambie mwenzako mapema: saa tatu ya usiku ninafunga. Nawe bibi, umkumbushe bwana. Ekipi ya kazi inangoja mtu aliyelala.