Bilal Tunamsimulia, Abu Dharr Tunamruka



Kila Maulidi husimama mtoto akasimulia kisa cha Bilal (R.A.): mchanga wa moto wa Makka, jiwe kifuani, kisha adhana juu ya Al-Kaaba mwaka wa 8 Hijria. Kisa hiki kikisimuliwa peke yake, mtoto hudhani ubaguzi ulikuwa kazi ya makafiri wa Kikureshi tu. Akitoka uwanjani anamcheka mwenzake kwa weusi wake au kwa kabila la mama yake, wala haoni uhusiano wowote.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wasimulie na kisa cha Abu Dharr (R.A.), Sahaba mkubwa. Kimo katika Sahihi Bukhari. Watu walimwona Rabadha, yeye na mtumwa wake wamevaa nguo za aina moja, wakamuuliza sababu. Akaeleza kwamba aliwahi kumtukana mtu kwa mama yake (wanazuoni wengi wanasema mtu huyo ni Bilal), na Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa bado ana ujahili ndani yake. Sahaba kateleza, tena kajirekebisha mpaka kwenye nguo aliyovaa!

Historia ya pwani nayo tusiifiche. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, alikuwa Muislamu, na alifanya biashara ya pembe na watumwa hadi Manyema. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulifutwa kisheria huko mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Wapo wazazi wanaosema habari hizi zinaichafua dini. Shuleni mtoto atazisikia tu. Ni heri azisikie kwanza kwa ustadhi wake.

Tuje nyumbani. Hapa Tarime, katika miaka ya 2000, Wanchari, Walyanchoka na Wakira walipigana na nyumba zikachomwa. Wote ni Wakurya, rangi moja, lugha moja. Lakini wilayani Serengeti wazee wa Kiikoma husimulia kuwa asili yao ni Sonjo, na Wanatta wana kisa cha mwindaji aliyekutana na mwanamke mkulima, wakawa wazazi wa kabila. Ni wageni wawili hao! Mwanafunzi aliyehifadhi Suratul Hujurat aya ya 13 atakielewa kisa hicho upesi kuliko wengine.

Napendekeza kila mwezi, Alhamisi moja baada ya Alasiri, mzee mmoja aalikwe madrasa, awe Muislamu au asiwe, asimulie walikotoka watu wake, na wanafunzi waandike. (Ya mizimu ustadhi atayaweka mahali pake.) Wazazi nao waje, maana posa hukataliwa sebuleni kwetu kwa sababu ya kabila, hali mchumba huswali safu moja na baba wa binti. Aanze mzee wa Kijaluo kutoka Rorya, wilaya iliyotengwa na Tarime mwaka 2007. Huyo tunamsema sana, na hatujawahi kumketisha tukamsikiliza.