WADAU, ACHENI KUWAPAKA NDIMU WATOTO WA WATU!

Najua nimepotea, lawama pelekeni kwenye fildi. Nipo hapa Mpanda, shule moja ya sekondari ambayo jina naliweka kapuni, nafundisha baiolojia na kemia, vipindi ni vingi na hela ya fildi mnaijua wenyewe inavyoisha. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo kuna jambo limenikaa kooni, na linawahusu nyie wanachuo wenzangu wa ualimu, siyo watu wa mbali.

Ni hizi dawa za asili za chunusi mnazowagawia wanafunzi.

Tangu tufike hapa ofisi ya walimu imegeuka kliniki. Mtoto wa kidato cha pili anakuja, uso umemjaa chunusi, hata kusimama ubaoni anaona aibu. Mwalimu wa fildi, mtu ambaye juzi tu tulikuwa naye kwenye foleni ya kusaini bumu, anamwambia kwa kujiamini kabisa: kata ndimu, paka usoni, acha ikauke. Mwingine anasema dawa ya meno, ulale nayo. Mwingine magadi, mwingine mwarobaini wa kutwanga. Ukiwauliza mmejuaje, jibu ni lile lile: "Si ni asili bwana, haina madhara."

Jamani, nani kawadanganya? Upupu ni wa asili. Sumu ya koboko ni ya asili. Tumbaku inayolimwa huku kwetu ni jani tu limeota ardhini, na inaua watu kila mwaka duniani kote. Halafu mnaongea kuhusu "kemikali" kama vile ndimu haina kemikali ndani yake!

Tuanze na hiyo ndimu maana ndiyo inayoniuma zaidi. Maji ya ndimu yana pH ya kama 2. Ngozi ya uso ipo karibu na 5. Kwa kipimo cha pH tofauti ya namba tatu ni mara elfu moja, hilo mlilisoma sekondari kama mimi. Na asidi siyo tatizo peke yake. Ndimu ina vitu vinaitwa furanokumarini, vikikaa kwenye ngozi halafu jua likakupiga vinaunguza. Ngozi inawaka, wakati mwingine inatoa malengelenge, kisha linabaki doa jeusi la wiki au miezi. Sasa mnampaka mtoto ndimu asubuhi, anakuja mstarini, anakaa kwenye jua la Mpanda, mchana anafagia uwanja. Nimemwona binti mmoja ana michirizi ya kahawia shavuni, imeshuka kama njia ya maji, ndivyo ile ndimu ilivyomtiririka. Chunusi zake zingeondoka zenyewe. Ile michirizi alikuwa anaificha kwa sweta, kwenye joto hili, na siku mbili hakuja shule kabisa.

Ngozi zetu nyeusi zina tabia hiyo, ukiichokoza tu inaacha alama. Ndiyo maana dawa ya meno na magadi nazo sizitaki. Zinakausha na kuchubua, chunusi moja inageuka doa la nusu mwaka.

"Lakini mimi nilipaka zikaisha." Sawa, nimekusikia. Chunusi zinakuja na kuondoka. Mtu hatafuti dawa siku uso uko safi, anatafuta wiki ile mambo yamechacha, na baada ya hapo mara nyingi zinatulia zenyewe. Hata ungepaka uji ungeusifia. Ndiyo maana watafiti huwa wanaweka makundi mawili wakalinganisha, ambalo hakuna hata mmoja wenu amewahi kulifanya pale ofisini.

Chukua asali. Mimi ni mtoto wa Katavi, sina ugomvi na asali, ya Inyonga nimekulia na siibadilishi na ya mtu. Na ni kweli asali inaua baadhi ya bakteria, hilo lipo. Lakini New Zealand walijaribu asali yao ya kanuka kwa watu 136 wenye chunusi, matokeo yakatoka 2016. Nusu walitumia sabuni ya kuua vijidudu pamoja na ile asali, nusu sabuni peke yake, wiki 12. Hawakupata ushahidi wa maana kwamba asali iliongeza kitu. Mtu wa Inyonga akisoma hapa asinichukie, asali yake ni tamu, weka kwenye mkate.

Wala sisemi mimea yote ni uongo, nisije nikawekewa maneno mdomoni. Australia mwaka 1990 walichukua watu 124, wengine wakapaka mafuta ya mti unaoitwa tea tree kwa kipimo cha asilimia 5, wengine benzoili peroksaidi ya asilimia 5. Zote mbili zilisaidia, ya mti ilichelewa kidogo ila haikuwasumbua sana ngozi. (Msije mkachemsha majani ya chai ya Mufindi, ule ni mti mwingine kabisa!) Iran nao mwaka 2014 waliongeza jeli ya mshubiri kwenye dawa ya tretinoini, ikafanya vizuri kuliko tretinoini peke yake. Lakini angalia wenzetu walivyofanya: kipimo kinajulikana, muda unajulikana, na mshubiri ulikwenda pamoja na dawa. Hiyo inafanana wapi na "kata ndimu upake"?

Halafu kuna wale wauzaji wenye kopo lina picha ya karoti, wanaliita asili. Mengine ndani ni steroidi. Wiki ya kwanza uso unang'aa, mnashangilia. Ukiendelea ngozi inakuwa nyembamba na chunusi zinarudi na ndugu zao. Zebaki na haidrokwinoni kwenye vipodozi zimepigwa marufuku nchini miaka mingi, tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, lakini mkorogo bado unapita mitaani. Mwalimu anayemwelekeza mwanafunzi huko sijui nimwite nani.

Sasa nifike kwenye ile ambayo ndiyo hasa imenifanya niandike. Kuna "dawa ya asili" moja haiuzwi sokoni, inasemwa kwa kucheka. "Huyu atapona akishapata bwana." Nimeisikia kwa masikio yangu ikisemwa na mwanachuo, mbele ya binti wa miaka kumi na tano. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na niliyesema naye baadaye pembeni anajijua.

Ngono haitibu chunusi. Chunusi za umri ule zinatokana na homoni za balehe, tezi za mafuta zinafanya kazi kupita kiasi, vinyweleo vinaziba, bakteria wanaingia, pakavimba. Siyo uchafu, siyo laana, siyo hamu. Na kumwambia mtoto maneno hayo mkoani Katavi ni jambo zito kuliko mnavyodhani. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 mpaka 19 mkoani hapa ama wameshazaa ama ni wajawazito, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 27. Tulikuwa wa kwanza Tanzania nzima. Mtu mzima wa mtaani anayemvizia yule binti atamwambia maneno hayo hayo, na binti atajibu moyoni kwamba hata mwalimu alisema.

Mtaniambia wazazi wa huku hawana hela za hospitali. Kweli. Lakini cha kuanzia hakina gharama: kuosha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, kuacha kutumbua, kuacha kupaka mafuta mazito usoni, na kuambiwa na mwalimu wake kwamba haumwi ugonjwa wa aibu. Zikizidi, benzoili peroksaidi ipo maduka ya dawa, ianze kidogo na ipewe wiki nane bila kubadilisha. Zikiwa kubwa, zinauma na kuacha makovu, huyo mpelekeni kituo cha afya mapema. Wataalamu wa ngozi nchini tunao, pale KCMC Moshi wanafundishwa tangu 1992.

Jumatatu nina vipindi viwili vya balehe kidato cha tatu, na mwalimu wa malezi amekubali kukaa nyuma ya darasa. Anayetaka kubishana nami aje abishane pale pale mbele ya wanafunzi. Ndimu aziache ofisini.