Shandurai ni mtu wa nchi gani?

Ndugu waandishi chipukizi, hivi mtaisifia sinema ya "Besieged" mpaka lini? Ilitengenezwa na Mwitaliano Bernardo Bertolucci, ikatoka mwaka 1998. Bwana Kinsky, Mwingereza mpiga piano, anaishi peke yake katika nyumba kubwa mjini Roma. Shandurai, dada wa Kiafrika anayesomea udaktari, anapewa chumba na kazi ya usafi. Mwenye nyumba anampenda. Mpangaji anamjibu: basi mtoe mume wangu gerezani! Bwana anauza vitu vyake kimoja kimoja, mpaka piano, na mume anatoka.

Eti hayo ndiyo mapenzi. Wapi! Kila kitu kinachopungua sebuleni kinaongeza deni kwa mpangaji. Kinsky hadai chochote, kweli. Lakini deni lisilodaiwa ndilo linalokaba koo. Anayedaiwa uhuru wa mumewe atasemaje hapana?

Na huyo mume je? Mwalimu, kafungwa kwa siasa, lakini hadithi si yake. Hata nchi yake haina jina. Picha za Afrika zilipigwa Kenya, lakini Kenya haitajwi. Basi ni "Afrika" tu, mahali pa kutokea mateso ili mzungu apate kuonekana mwema.

Mnasema Morogoro hakuna hadithi ya mwenyeji na mgeni. Jamani! ANC ya Afrika Kusini ilifanya mkutano wake hapa mwaka 1969. Kuanzia 1978 wakimbizi wake walisoma Mazimbu, katika shule yenye jina la Solomon Mahlangu, mpaka wakaikabidhi mwaka 1992 na kurudi kwao. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Makaburi ya waliofia ugenini bado yapo palepale. Riwaya iko wapi?

Tena kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwenye nyumba wetu anaweza kuwa bibi wa mlimani, si bwana mwenye piano. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: je, bibi alimpa? Mgeni alilipa nini? Alipoondoka, nani alibaki na deni, nani na mtoto?

Andikeni hayo. Mpangaji wenu mpeni nchi, mpeni jina, mpeni na ulimi wa kukataa. Tukinyamaza, watatuandika wengine, nasi tutabaki kupiga makofi gizani.