Spika Haikuungua: Mtandao wa Nyumba Si Intaneti

Katika shule moja ya sekondari mkoani Shinyanga, spika isiyotumia waya ilinyamaza siku ile ile shule ilipobadili kampuni ya kuiletea intaneti. Spika hiyo ilikuwa ikitumika katika vipindi vya kusikiliza Kiingereza. Fundi aliitwa, akaibonyeza huku na huku, akatoa hukumu kwamba imeungua. Waalimu wengine waliilaumu kampuni mpya. Majuma mawili yakapita wanafunzi wa Kidato cha Tatu wakiwa hawana vipindi vyao, na hatimaye fedha zilizowekwa kwa ajili ya karatasi za mitihani zikanunua spika nyingine. Nayo ikakataa kusema.

Nayaandika haya kwa sababu mimi nilikuwa miongoni mwa waliokubali fedha hizo zitumike, na ninafundisha Fizikia.

Wengi wetu hudhani kwamba intaneti na Wi-Fi ni kitu kimoja. Sivyo. Kile kisanduku tukiitacho ruta hufanya kazi mbili zilizo mbali mbali. Kwanza, huunganisha nyumba na ulimwengu wa nje, ama kwa waya, ama kwa laini ya simu iliyotiwa ndani yake. Pili, hujenga mtandao mdogo wa humo humo nyumbani, ambamo simu, kompyuta na spika hupewa anwani zao na kuzungumza wao kwa wao kwa mawimbi ya redio. Kazi hii ya pili haihitaji kifurushi chochote. Ruta iliyoishiwa kifurushi bado huita vyombo vyake kama kawaida.

Sasa, kampuni mpya ilipoleta ruta yake, mtandao wa nyumba nao ulibadilika: jina jipya, neno la siri jipya. Simu ina kioo, nasi tuliandika maneno hayo pale pale bila hata kufikiri. Spika haina kioo wala vitufe vya herufi. Iliendelea kulitafuta jina la zamani, usiku na mchana, kwa uaminifu ambao ungestahili sifa laiti ungekuwa na faida. Redio za wazee wetu hazikuwa na taabu hii. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya wasikilizaji nchini kote vilihitaji tu kuzungusha kinoo mpaka sauti ipatikane.

Dawa ya spika ya kwanza ilikuwa ama kuirudisha katika hali yake ya kiwandani na kuifundisha jina jipya kwa programu ya simu, ama, na hii ndiyo njia niipendayo, kuipa ruta mpya jina lile lile la zamani na neno la siri lile lile, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo, pamoja na aina ile ile ya ulinzi. Hapo vyombo vyote hurejea vyenyewe, isipokuwa vile vilivyozuiwa na jambo jingine.

Jambo hilo jingine ndilo lililoikamata spika ya pili, na hapa ndipo niliposhikwa na aibu. Ruta nyingi za siku hizi hutangaza kwa masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Spika nyingi za bei nafuu husikia yale ya 2.4 tu. Ruta yetu ilikuwa imewekwa itangaze kwa 5 peke yake. Simu ya mwalimu iliyapata mawimbi hayo bila shida. Spika, iliyowekwa kando yake juu ya meza ile ile, haikusikia kitu.

Mwanafunzi anayejua kwamba kasi ya wimbi ni masafa mara urefu wa wimbi anaweza kukokotoa mwenyewe. Mawimbi ya redio husafiri mita 300,000,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 2,400,000,000, upate sentimita 12.5, gawanya kwa 5,000,000,000, upate sentimita 6. Yale mafupi hubeba habari nyingi zaidi, lakini hudhoofika upesi yanapopenya ukuta wa matofali, na bati huyarudisha nyuma yote mawili. Kwa ruta ya laini ya simu kuna balaa zaidi: mnara wa kampuni mpya waweza kuwa upande mwingine wa mji, hivyo ruta ikahamishiwa dirisha jingine, na spika ikabaki nyuma ya kuta mbili ambazo zamani hazikuwa njiani. Mtu atasema huduma ni mbovu, kumbe ameziweka kuta katikati mwenyewe.

Nimeambiwa kwamba haya ni mambo ya anasa katika mkoa ambao shule nyingi hazina maabara ya kutosha. Naona kinyume chake. Miaka yote nimefundisha mawimbi kwa kamba na karai la maji, huku chombo cha mawimbi halisi kikiwaka taa ofisini kwa mkuu wa shule, nami sikuwahi kukionyesha. Fundi alikosea, lakini fundi huyo alisoma shule kama zetu.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Zima data ya simu, ondoa waya au laini inayoleta intaneti kwenye ruta, kisha cheza wimbo uliohifadhiwa ndani ya simu kupitia spika. Angalia simu isiihame Wi-Fi, kwani nyingine huiacha zionapo haina intaneti. Spika ikiimba, mtandao wa nyumba ni mzima. Ikinyamaza, tazama jina, kisha masafa, kisha kama simu imeingia katika mtandao wa wageni, ambao kwa kawaida hauruhusu vyombo kuonana. Zipo pia spika zisizokubali kufanya lolote mpaka ziwasiliane na kompyuta za mtengenezaji ng'ambo; hizo, kwa maoni yangu, shule isizinunue.

Tulipobadili masafa, spika zote mbili zilisema asubuhi hiyo hiyo. Ya kwanza imerudi Kidato cha Tatu, ya pili iko Kidato cha Kwanza. Karatasi za mitihani tulizikopa dukani, na deni bado halijalipwa.