Ng'ombe Mmoja kwa Kila Nyumba

Rwanda ni nchi ndogo. Jimbo letu la Ituri peke yake laizidi ukubwa mara mbili na zaidi. Najua wako watakaokunja uso wakisikia jina lake, maana magomvi ya serikali zetu mbili yametuletea machozi mengi. Hata hivyo liko jambo moja lililofanyika huko vijijini ambalo lafaa tulitazame sisi wa Bunia, kwa kuwa ni habari ya ng'ombe.

Mwaka 2006 Rais Paul Kagame alianzisha mpango uitwao Girinka, maana yake "uwe na ng'ombe", salamu ya kale ya Wanyarwanda. Watoto wengi wa vijijini walikuwa wamedhoofika kwa kukosa chakula bora. Basi maskini hupewa ng'ombe jike mmoja. Maziwa hunywewa na watoto, na yanayobaki huuzwa. Samadi hutiwa migombani na katika maharagwe, na udongo uliochoka huzaa tena. Lakini ndama jike wa kwanza si wake: humpa jirani maskini, na jirani naye atampa mwingine. Ng'ombe waliogawiwa wamezidi 400,000.

Lililonishika zaidi ni malisho. Ng'ombe huyo hazururi vilimani. Hukaa zizini, akakatiwa majani yaliyopandwa kandokando ya shamba. Hakanyagi mihogo ya mtu. Fikirini Djugu! Ugomvi wa ardhi kati ya wafugaji na wakulima ulikuwa shina mojawapo la vita ya 1999 hadi 2003, na ya ile iliyozuka tena Desemba 2017. (Sisemi zizi lingezuia bunduki, dhahabu na siasa zina sehemu yao.)

Makosa nayo yalikuwapo. Anayepewa ng'ombe alitakiwa awe na kishamba cha kuotesha majani, hivyo asiye na ardhi kabisa, yaani maskini kuliko wote, aliweza kukosa. Tena wakubwa wengine wa vijiji walidai hongo.

Kwetu, mwaka 2021, serikali ya Kinshasa ilitangaza mpango wa maendeleo wa wilaya 145, na Aru, Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa zimo: mashule, zahanati, nyumba za ofisi, barabara. Twazihitaji, nani atabisha? Lakini mama anayerudi kijijini kutoka kambini hukuta shamba limekuwa pori na zizi ni tupu. Shule mpya haimpi cha kumlisha mtoto asubuhi kabla ya kumpeleka.

Niliwauliza wanafunzi wangu: kama mpango wa ng'ombe ungeletwa kwetu, je, ndama wa kwanza angevuka kilima kwenda kwa jirani wa kabila lingine? Walinyamaza kitambo. Kisha mmoja akajibu: "Mwalimu, ni kadiri ya yule atakayekuja kumchukua."