Viza ya Wastaafu: Bei ya Mlango Siyo Bei ya Kuishi

TUKUYU. Kwa kawaida safu hii hushughulika na bei za mazao: mkungu wa ndizi pale Kiwira, gunia la viazi, kilo ya majani mabichi ya chai, na parachichi linaposubiri gari la mnunuzi. Leo tunawaomba wasomaji watuvumilie, tuzungumzie bei ya kitu ambacho kila mfanyabiashara atakuja kukinunua, apende asipende. Kitu hicho ni uzee.

Sababu ni karatasi moja. Mzee mmoja wa hapa mjini, mwenye miaka 61, aliyeuza ndizi na viazi kwa zaidi ya miaka thelathini, alinijia nayo mkononi. Amewahi kwenda Bangkok mara mbili kufuata nguo za duka la mkewe na mji ule ulimpendeza. Sasa wakala amempa karatasi inayosema kwamba mtu yeyote mwenye miaka 50 na kuendelea anaweza kuishi Thailand kwa viza ya wastaafu, mradi aweke amana ya baht 800,000 katika benki ya kule. Mzee anafikiria kuuza shamba lake la chai na nyumba ya wapangaji ili apate fedha hiyo.

"Mwanangu," aliniambia, "hela si bado ni yangu? Imelala benki tu."

Swali hilo ni zuri, na siyo la mzee huyu peke yake. Karatasi za namna hii zinazunguka katika miji mingi. Kwa hiyo tulijibu kwa hesabu, siyo kwa maneno ya kutisha.

Masharti yanasemaje

Ni kweli kwamba Thailand ina utaratibu huo, na kiwango cha baht 800,000 ni sahihi. Tuseme dola moja ni shilingi 2,500 na pia ni baht 33. (Msomaji aweke viwango vya siku anayosoma.) Amana hiyo ni dola 24,000 na ushee, yaani kama shilingi milioni 60.

Lakini karatasi ya wakala haikueleza masharti yaliyoanza kutumika mwaka 2019. Fedha yote inatakiwa ikae benki miezi 2 kabla ya kuomba ruhusa ya mwaka mmoja. Baada ya kupata ruhusa, ikae yote tena kwa miezi 3. Kuanzia hapo unaweza kuchukua, ila salio lisishuke chini ya baht 400,000. Mwaka unapokaribia kwisha unajaza upya, kwa sababu ruhusa ni ya mwaka mmoja mmoja.

Kwa maneno mengine, katika miezi 12 fedha yote imefungwa kwa miezi 5, na nusu yake imefungwa kwa miezi 7 inayobaki. Ile nusu, kama shilingi milioni 30, haitoki kamwe wakati wote utakaopenda kuendelea kuishi pale. Akaunti ya kawaida ya akiba kule mara nyingi hutoa riba isiyofika asilimia 1 kwa mwaka.

Basi jibu la swali la mzee ni hili: ndiyo, hela ni yako kwa jina, lakini kwa matumizi ni rehani. Umeiweka kwa mwenye nyumba ili akuruhusu kukaa. Mfanyabiashara anajua kwamba mtaji usiozunguka si mtaji.

Kuna jambo jingine ambalo kwa mfanyabiashara ni zito kuliko riba. Anayekaa kwa ruhusa ya wastaafu haruhusiwi kufanya kazi. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi alfajiri kupakia gari atakaa nchi ambayo hana ruhusa ya kuajiriwa wala kufungua kibanda.

Chakula hakimo katika amana

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo wakala yeyote hataipenda. Nchi hiyohiyo inatoa njia ya pili kwa mstaafu: badala ya amana, aonyeshe mapato ya baht 65,000 kila mwezi. Kwa viwango vyetu vya mfano, hiyo ni kama shilingi milioni 4.9 kwa mwezi.

Hebu tugawanye. Baht 800,000 kwa 65,000 kwa mwezi ni miezi 12 na siku chache. Yaani kwa kipimo cha serikali yenyewe, amana inayoonekana kubwa ni matumizi ya mwaka mmoja tu! Na huwezi kuyatumia, kwa sababu ni amana.

Kwa hiyo mzee akiuza shamba na nyumba akapata milioni 60, atakuwa amenunua mlango. Chakula, kodi ya chumba, dawa na nauli ya kuja kuzika nduguze havimo. Tukichukua kipimo cha baht 65,000, anahitaji karibu shilingi milioni 59 kila mwaka juu ya amana. Kwa miaka 10 ni zaidi ya milioni 640, pamoja na amana. Tuseme yeye ni mtu wa kubana matumizi na anaishi kwa nusu ya hapo. Bado anahitaji karibu milioni 2.5 kwa mwezi, na vitu vilivyokuwa vikimletea fedha, yaani chai na wapangaji, ameshaviuza.

Kosa liko hapo hasa. Amana inamwonyesha mtu bei ya kuingia, kisha anadhani ameona bei yote. Ni sawa na kulipia ushuru wa geti la soko ukafikiri umenunua mzigo.

Si Thailand peke yake. Dubai, ambako wafanyabiashara wetu wengi hufuata bidhaa, ilitangaza mpango wa wastaafu mwaka 2020 kwa wenye miaka 55 na zaidi, na mojawapo ya njia zake ni akiba ya dirham milioni 1. Dirham imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.67 tangu 1997, kwa hiyo ni kama dola 272,000, au shilingi milioni 680 kwa hesabu yetu. Kenya, jirani yetu, haiulizi amana katika kibali chake cha Daraja K. Inauliza umri usiopungua miaka 35 na mapato ya uhakika ya dola 24,000 kwa mwaka, yaani dola 2,000 kwa mwezi. Msomaji ataona kwamba dola 2,000 za Nairobi na baht 65,000 za Bangkok zinakaribiana sana. Nchi zinazopokea wageni zinajua kuishi kunagharimu nini. Asiyejua ni mgeni.

Je, shilingi yetu?

Wapo watakaosema mwandishi anatetea shilingi bila sababu. Hoja yao ina nguvu, na tusiifiche. Mwaka 1986 ulipoanza, dola moja kwa bei ya serikali ilikuwa kama shilingi 17. Mwaka 2000 ilikuwa kama shilingi 800. Mwaka 2023 ilipita 2,500, na mwaka huo pamoja na 2024 wafanyabiashara waliitafuta dola kwa taabu. Aliyeweka akiba yake yote katika noti za shilingi kwa miaka hiyo ameumia.

Lakini kukimbia shilingi siyo lazima kuvuke bahari. Tangu mageuzi ya 1992, yalipofunguliwa maduka ya kubadilisha fedha, Mtanzania anaweza kuwa na akaunti ya fedha za kigeni katika benki iliyoko hapahapa nchini. Kanuni za Machi 2025 zilikataza kutangaza na kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni, lakini hazikufuta akaunti hizo.

Tena, fedha ya mgeni nayo huanguka. Tarehe 2 Julai 1997 Thailand iliiachia baht yake, iliyokuwa kama 25 kwa dola, na Januari 1998 dola moja ilikuwa imepita baht 50. Mwenye baht 800,000 alilala na dola 32,000 akaamka, baada ya nusu mwaka, na chini ya dola 16,000. Sisi wa Rungwe hatuhitaji kwenda mbali kujifunza hili. Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya kwacha, na dola ikapanda kwa mara moja kutoka kama kwacha 1,180 hadi 1,700. Aliyekuwa ameuza mzigo kwa mkopo ng'ambo ya Kasumulu anaelewa bila kuelezwa.

Kwa haki, tuseme pia jambo moja zuri la kule. Tangu Agosti 2021 bima ya amana ya Thailand inamlinda mwenye akaunti hadi baht milioni 1 katika benki moja, kwa hiyo amana ya baht 800,000 yote imo ndani. Hapa kwetu Bodi ya Bima ya Amana ililinda shilingi milioni 1.5 tu, na mwaka 2023 ikapandisha hadi milioni 7.5. Mwenye milioni 60 asiziweke zote benki moja. Meridien BIAO ya 1995 na FBME ya 2017 zimetufundisha kwamba benki inaweza kufungwa.

Sheria na mirathi

Kuna mambo mawili ambayo hayamo katika karatasi yoyote ya wakala.

La kwanza ni sheria yetu. Kulipia bidhaa nje na kupeleka akiba nje siyo jambo moja. Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 ililegeza sana malipo ya biashara, lakini uhamishaji wa mitaji haukufunguliwa wote. Hata hatua ya 2014 ilihusu zaidi nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kabla ya kupeleka senti moja, muulize meneja wa benki yako, kwa maandishi, ni hati gani Benki Kuu inataka. Atakayekwambia upitishe fedha "kwa njia ya mkono" anakutafutia kesi.

La pili ni mirathi. Mtu akifariki hapa, watoto huenda Mahakama ya Mwanzo, anateuliwa msimamizi, naye anaenda benki na karatasi yake. Benki ya ng'ambo inafuata sheria ya kwao. Watoto wa Tukuyu watahitaji tafsiri, mihuri, pengine wakili wa kule na nauli, ili watoe fedha ya baba yao. Milioni 60 zinaweza kupungua sana kabla hazijafika.

Ushauri wetu

Hatusemi watu wasiende. Mwenye mtoto anayeishi kule, au mwenye mapato ya kutosha, ana haki ya kuzeekea popote roho yake inapotulia. Tunasema hivi:

Kwanza, usiuze kinachozaa ili uweke kisichozaa. Chai huchumwa mwaka hadi mwaka, na mpangaji hulipa. Amana ya viza hailipi.

Pili, jenga mapato kabla ya amana. Mapato ya uhakika yanakubaliwa Nairobi, Bangkok na hapahapa Tukuyu, lakini amana ya Bangkok inafungua mlango wa Bangkok tu. Hati fungani za serikali zinauzwa na Benki Kuu kuanzia shilingi milioni 1, na hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Tuseme umepata asilimia 12: milioni 60 zitakupa milioni 7.2 kwa mwaka, yaani laki sita kwa mwezi, na mtaji bado upo. Kwa asiyependa kufungia fedha miaka mingi, upo Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza 2005, ambao vipande vyake vinauzwa na kununuliwa, ingawa bei yake hupanda na kushuka.

Tatu, ukiamua kwenda, nenda kwanza ukakae miezi michache kama mgeni wa kawaida, uandike kila senti unayotumia. Zidisha mara miezi 12, kisha mara miaka unayotarajia kuishi.

Nne, akaunti iwe kwa jina lako mwenyewe, na fedha itoke benki yako iende huko moja kwa moja. Kule, kwa mwenye viza ya utalii tu, kufunguliwa akaunti huwa vigumu, na ndipo wakala husema "weka kwangu kwanza." Usiweke. Wala usikubali akukopeshe amana ya kuonyesha kwa siku chache, maana huo ni udanganyifu kwa serikali ya watu, na ukikamatwa utakamatwa wewe.

Tano, waambie mkeo au mumeo na watoto, na uache wosia unaotaja akaunti hiyo.

Mzee wetu aliisikiliza hesabu yote kimya, akakunja karatasi yake akaitia mfukoni. Aliniambia kwamba atakwenda Bangkok tena mwakani, kwa viza ya matembezi, na kwamba fedha za safari zitatoka kwa wapangaji. Shamba hatauza. Kwa maoni ya safu hii, huo ndio uwekezaji bora tuliousikia wiki hii.