Mtunzi na Mtunzaji

Mvuvi wa Musoma haoni haya kukaa mwaloni mchana kutwa akishona wavu. Ajua kwamba tundu moja lililoachwa leo ndilo litakalopitisha samaki kesho. Lakini sifa humwendea aliyenunua wavu mpya, wala si aliyeuponya wa zamani. Kosa hilo hilo twalitenda katika mambo ya kompyuta, na leo twataka kulisema wazi.

Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kilianzisha programu ya barua-pepe iitwayo Pine. Haikuwa na picha wala mapambo. Ilikuwa maandishi matupu, na amri zake zilitolewa kwa vidole juu ya kibodi. Programu ya namna hiyo huendeshwa hata na kompyuta kuukuu yenye mtandao dhaifu. Hilo si jambo dogo kwa ofisi ya kata huko Bunda au Butiama.

Lakini Pine ilikuwa na dosari. Ilitolewa bure, ila leseni yake ilimzuia mtu kuirekebisha kisha akawagawia wenzake ile iliyorekebishwa. Ndiyo sababu Debian, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa mwaka 1993 na kujengwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, haukuweza kuigawa ikiwa tayari kutumika. Bure si uhuru. Akupaye jembe akakukataza kulitia mpini mwingine bado ni bwana wako. Mwaka 2007 chuo hicho kilitoa Alpine, mrithi wa Pine, chini ya leseni huru, na mlango ukafunguka.

Baada ya uhuru ikaja kazi. Chuo kiliacha kuiendeleza Alpine, na kwa miaka mingi mzigo umebebwa hasa na mtu mmoja, Eduardo Chappa. Pamoja naye wapo watunzaji wa vifurushi. Kifurushi hapa si kile tununuacho kwa simu. Ni programu iliyofungwa tayari ili mfumo uipokee. Mtunzaji hulijaribu toleo jipya, huliwianisha na sehemu nyingine za mfumo, husoma malalamiko ya watumiaji, na huziba matundu ya usalama. Mtunzi hujulikana, mtunzaji hukumbukwa siku mambo yaharibikapo.

Na mtunzaji akiachwa peke yake, hatari ni ya wote. Programu ya xz, ibanayo mafaili katika mifumo mingi, ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyechoka. Mwingine, aliyejiita Jia Tan, alijifanya msaidizi kwa zaidi ya miaka miwili, akakabidhiwa madaraka, akaficha humo mlango wa wezi. Mhandisi Andres Freund aliugundua mwezi Machi 2024, baada ya kushangaa kwamba kuingia kwenye kompyuta kulichelewa kwa nusu sekunde. Dunia iliponea chupuchupu.

Wako watakaosema: hayo ni ya wageni, sisi tutumie tu. Twawajibu kwamba atumiaye daima asirudishe kitu tulikwisha kumpa jina: ni kupe. Wala uwezo hatukukosa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Lakini tafsiri nayo ni wavu: kila toleo jipya huleta maneno mapya, na asipokuwapo mshonaji, matundu hutanuka.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ifungamane na kazi. Basi vijana wetu wasomeao kompyuta wapewe, chini ya walimu wao, kifurushi kimoja cha kutunza: waripoti makosa, watafsiri maelezo, wajaribu masahihisho. Na ofisi ya umma itumiayo programu huru iwape mafundi wake saa kadhaa kila mwezi kwa shughuli hiyo, na izihesabu kuwa saa za kazi, si za mchezo.

Mwalimu, aliyezikwa Butiama mwaka 1999, alituachia neno kujitegemea. Kujitegemea si kununua kipya kila mara. Ni kuweza kushona kilichopasuka. Programu huru tumekwisha kuipata. Iliyobaki ni kazi.